WAZEE WATOKE, AINGIE NANI?



Nipo nyumbani Kilimatinde, mtandao unakuja na kukatika, lakini hili siwezi kulilaza. Kila Taifa Stars ikitolewa kwenye mashindano, wimbo ni ule ule: wazee watoke, vijana waingie. Uliimbwa 2019 tuliporudi mikono mitupu kutoka Misri. Ukaimbwa Januari 2024 tuliporudi kutoka Ivory Coast. Na tangu Januari 4, 2026, Moroko walipotufunga 1-0 pale Rabat, umeanza upya, tena safari hii kwa vuvuzela.

Makelele yenyewe nayaelewa. AFCON ya 2027 ni yetu, sisi na Kenya na Uganda, tulipewa na CAF Septemba 2023, na hakuna anayetaka kuaibika sebuleni kwake. Kwa hiyo vijiweni watu wanapiga hesabu za miaka. Mbwana Samatta, aliyezaliwa Desemba 1992, ikifika katikati ya 2027 atakuwa na miaka 34. Simon Msuva, wa Oktoba 1993, atakuwa na 33. Shomari Kapombe, wa Januari 1992, atakuwa na 35. Hesabu ni sahihi kabisa, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na swali ambalo hakuna anayeliuliza. Haya, wametoka. Anaingia nani?

Maana mimi nami nimepiga hesabu yangu. Nimechukua mabao yote ya Stars kwenye AFCON tatu, ile ya 2019, ile ya 2023 iliyochezwa mwanzoni mwa 2024, na hii ya 2025 iliyomalizikia Januari 2026. Mabao yenyewe si mengi, unayahesabu kabla chai haijapoa. Misri tulifunga mawili, yote dhidi ya Kenya, Msuva na Samatta. Ivory Coast tulifunga moja, dhidi ya Zambia, Msuva. Moroko tulifunga matatu: Charles M'Mombwa dhidi ya Nigeria, Msuva kwa penalti dhidi ya Uganda, Feisal Salum dhidi ya Tunisia. Jumla sita. Nusu yake ni ya Msuva peke yake! Halafu angalia tarehe za kuzaliwa za wafungaji hao siku walipofunga. Hakuna bao hata moja lililofungwa na mchezaji aliye chini ya miaka 25. Hata moja, wadau. Michuano mitatu, nchi yenye watu zaidi ya milioni 60, na kijana wa miaka 20 au 22 hajafunga hata kwa bahati mbaya, hata kwa mpira kumgonga mgongoni.

Sasa niambieni, ni Msuva aliyemzuia huyo kijana? Alimfungia chooni hotelini?

Na tusisahau kwamba hao hao mnaotaka wapumzike ndio waliokuwemo kwenye kikosi kilichovuka makundi kwa mara ya kwanza tangu tuanze kwenda AFCON mwaka 1980 kule Nigeria. Ndiyo, tulivuka kwa pointi mbili. Ndiyo, mpaka leo hatujawahi kushinda mechi hata moja ya fainali hizo, na hilo linatia uchungu. Lakini wahenga walishasema ivushayo ni mbovu. Ukishafika ng'ambo ndio unaona matundu ya ngalawa.

Sasa msinielewe vibaya, mimi si wakili wa wazee. Ninawajua. Hapa Kilimatinde kwenye soka letu la mchangani kila mtu anamjua namba 10 mwenye kitambi. Simtaji jina, na wala hakuna haja, kwa sababu kila kijiji kinaye wake. Hakimbii, hakabi, lakini kona zote ni zake, faulo zote ni zake, penalti ndiyo usiseme. Anacheza dakika 90 kwa sababu jezi alinunua yeye na mpira unalala kwake. Madogo wenye kasi ya swala wanakaa pembeni wakishika mawe ya goli na kuokota mipira porini. Ukimtoa, anaondoka na mpira wake, na mechi imekwisha.

Huku juu kwenye timu kubwa mchezaji hanunui jezi, lakini jina linanunua namba, hilo tukubaliane. Samatta hajafunga bao la AFCON tangu lile la Kenya mwaka 2019. Kusema hivyo si dharau kwa mtu aliyebeba ubingwa wa Afrika na TP Mazembe 2015, akafunga mabao 23 kwenye ligi ya Ubelgiji msimu wa 2018/19, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza. Ni ukweli tu, miguu haisomi wasifu wa mtu. Kocha anayempanga mkongwe kwa kuogopa magazeti anastahili kuzomewa, na nitakuwa wa kwanza kupiga mluzi.

Lakini tazama tunavyowatoa. Kuna kitu kama ulevi kwenye kuwatoa wakongwe nchi hii. Januari 2016 Samatta amerudi na tuzo ya CAF ya mchezaji bora wa wanaocheza ndani ya Afrika, nchi nzima imelewa furaha, kocha Charles Boniface Mkwasa anamtangaza kuwa nahodha mpya wa Stars. Uamuzi wenyewe ulikuwa na mantiki. Ila nahodha aliyekuwepo, Nadir Haroub 'Cannavaro', hakufurahishwa na namna ulivyomfikia, akatangaza kuachana na timu ya taifa. Beki wa kati, nahodha wa Yanga, mtu wa vita! Miaka na miaka ya kujua wapi pa kusimama mpira wa juu unapokuja ikaondoka siku moja, bila hata mechi mbili za kumkabidhi dogo mikoba. Tulipata nahodha mpya kwa gharama ya mwalimu, wakati kwa maneno mawili ya heshima tungeweza kuwa nao wote wawili.

Juma Kaseja ndiye kiboko ya wote. Mwaka 2013 Simba waliachana naye. Kijiweni hukumu ilishasomwa: ameisha. Akaenda Yanga, nako zikaimbwa zile zile, akazunguka hadi KMC. Mwaka 2019, akiwa na miaka 34, Etienne Ndayiragije akamwita Stars. Agosti 4 pale Kasarani, Nairobi, tukawatoa Kenya kwa matuta 4-1 kwenye kufuzu CHAN. Septemba 8 pale Dar, kufuzu Kombe la Dunia, Burundi wakapiga penalti zao na hawakupata hata moja, tukashinda matuta 3-0. Mtu aliyeisha! Waandishi wenzangu waliomzika 2013 wakaandika 'Kaseja shujaa' bila kuona soni, kama vile yule wa mwanzo alikuwa mtu mwingine.

Lakini hapo hapo ndipo aibu yetu ilipo, na watu wanaipita. Kama mwaka 2019 kipa wa kutuokoa ni yule yule tuliyemwona ameisha 2013, katika hiyo miaka sita tulikuwa tunalea nini? Kaseja hakuwa jibu. Kaseja alikuwa kiraka kizuri kwenye suruali iliyochanika zamani.

Ngoja niwaambie ninachokiamini. Uwiano wa wazee na vijana hauonekani kwenye orodha ya usajili. Kwenye orodha kila klabu ina madogo, tena wanapigwa picha wakisaini, wameshika jezi, wametabasamu. Kanuni za leseni za CAF zinataka klabu iwe na timu ya vijana, basi timu ya vijana ipo, kwenye makaratasi iko bomba. Huo ni usanii. Uwiano unaonekana kwenye dakika. Nani amecheza dakika ngapi, mechi gani, pembeni yake alisimama nani. Kijana aliyekaa benchi miaka mitatu hajawa kijana mwenye uzoefu. Amekuwa mzee ambaye hajacheza.

Mifano ninayo. Chukua Serengeti Boys wa 2017, wale waliokwenda Gabon, wakatoka suluhu na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakaja kutolewa na Niger kwa bao moja. Nchi ilisema kizazi cha dhahabu kimepatikana. Dickson Job alikuwemo. Huyo alipitia Mtibwa Sugar, kule Turiani kwenye mashamba ya miwa, akacheza Ligi Kuu wiki baada ya wiki, akafanya makosa yake mbali na kamera, na 2021 alipokwenda Yanga alikwenda kama beki kamili. Leo ni mtu wa Taifa Stars. Kipa wa kikosi kile kile, Ramadhani Kabwili, yeye alikwenda Yanga moja kwa moja akiwa kinda, na pale langoni kila msimu kulikuwa na mkubwa mbele yake. Kipaji walikuwa nacho wote, isingekuwa hivyo wasingefika Gabon. Mmoja alipewa uwanja wa kukosea. Mwingine alipewa jezi kubwa na kiti.

Najua kuna mdau ameshaanza kuandika 'mbona Simba 2024 walifagia na wakafanikiwa?' Ni kweli, walifumua kikosi, akina John Bocco wakaondoka, Chama akahamia kwa watani, Fadlu Davids akaletewa sura mpya, na Mei 2025 wakawa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya Berkane. Walikosa kombe lakini walicheza fainali. Sawa. Ila angalia nani alikuwa nahodha wa hao 'vijana': Mohamed Hussein 'Zimbwe Jr', mtu aliyekula chumvi Msimbazi. Nani alikuwa beki wa kulia? Kapombe. Fagio lilipita, lakini nguzo mbili ziliachwa zimesimama. Hata ile Manchester United ya 1995/96 mnayopenda kuitaja, ya akina Beckham na Scholes na akina Neville, ilibeba ubingwa na Kombe la FA huku nyuma yuko Schmeichel, yuko Bruce, yuko Pallister, na mbele yuko Cantona ameinua kola.

Mkitaka mfano wa nyumbani kabisa, rudini Agosti 2025 kwenye CHAN, pale kwa Mkapa. Kocha alikuwa Hemed Suleiman. Mechi ya pili, Mauritania wamekaza, dakika zinayoyoma, uwanja umenuna. Dakika ya 89 anafunga nani? Kapombe, miaka 33, beki. Siku tatu baadaye Madagaska wanakuja, na ndani ya dakika 20 Clement Mzize, miaka 21, ameshawapiga mbili, tukashinda 2-1. Tukafika robo fainali ya CHAN kwa mara ya kwanza, tukatolewa na Moroko kwa bao moja, na hao Moroko ndio waliochukua kombe. Kwangu mimi, timu ya taifa ya 2027 ilionekana wiki ile. Mzee anavumilia mpaka dakika za lala salama, dogo anaua mechi mapema, na hakuna aliyemwambia mwenzake atoke ili yeye aingie.

Na huyo Mzize hakudondoka kutoka mbinguni. Alitoka timu ya vijana ya Yanga, Nasreddine Nabi akampandisha, akawa anaingia dakika 15, dakika 20, nyuma ya Fiston Mayele. Mnakumbuka matusi? Kila nafasi aliyokosa mlitaka arudishwe shule. Watu wa benchi la ufundi wakaziba masikio, wakaendelea kumpa dakika. Msimu wa 2024/25 akamaliza na mabao 14 ya ligi. Hiyo ndiyo bei ya kinda: unakubali akukoseshe pointi mbili tatu leo. Klabu zetu haziko tayari kulipa. Kocha akipoteza mechi mbili anafukuzwa, sasa nani atathubutu kumpanga mtoto wa miaka 18 dhidi ya Azam? Kwa hiyo anachukua mkongwe anayemjua, au mgeni aliyekamilika kutoka nje, maana kanuni zinaruhusu kusajili wageni hadi 12. Siwachukii wageni, Mayele mwenyewe alikuwa somo. Lakini dakika ni 90 tu, hazizaliani.

Hapa nisogee karibu na nyumbani, samahani kwa watakaoumia. Sisi wa mkoa wa Singida tumepewa timu za Ligi Kuu kama watu wanaopokea wageni. Singida United ilipanda 2017 kwa mbwembwe na mapesa, kocha Hans van der Pluijm, wachezaji wa kununuliwa kila kona. Juni 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho nyumbani na ikalala 3-2 mbele ya nani? Mtibwa Sugar, wale wale wa mashamba ya miwa wanaolea madogo. Kufika 2020 United imeshuka daraja, jezi zinauzwa mtumba. Ikaja Singida Big Stars, 2023 ikawa Singida Fountain Gate, baadaye jina la Singida likaachwa njiani. 2024 Ihefu ya kule Mbarali ikahamishiwa kwetu, ikaitwa Singida Black Stars. Hawa sitawasema vibaya, walitwaa Kombe la Kagame Septemba 2025 na Miguel Gamondi aliyetupeleka hatua ya mtoano AFCON alitokea kwao. Ila nawauliza viongozi wote waliopita na jina la mkoa huu kifuani: dogo wa Kilimatinde, wa Itigi, wa Kiomboi, aingilie mlango upi? Manyoni mpaka Singida mjini ni zaidi ya kilomita 100. Nani aliwahi kuja huku na filimbi na koni kumi, akakaa siku tatu, akaangalia watoto? Kipaji cha huku kinaonekana UMISSETA na kinaishia UMISSETA, kisha kinapanda bodaboda.

Kilimatinde inayajua maisha ya mkongwe, mnisamehe nikichomekea. Wajerumani walijenga boma lao hapa, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kabla Manyoni haijawa mji. Ikaja reli ya kati, Manyoni ikanenepa, sisi tukawekwa benchi. Lakini hospitali ya misheni bado iko huku juu, na mpaka leo watu wanapanda kuja kutibiwa. Hakuna aliyesema ifungwe kwa sababu imezeeka. Wakati huo huo Manyoni ilipewa nafasi ikakua. Vyote viwili vinawezekana kwa pamoja.

Na kuna jambo jingine tunalong'ata ulimi tukifika: hata huyo 'kijana' tunamjuaje? Serengeti Boys walifuzu fainali za vijana za 2005 na tukanyang'anywa nafasi kwa kuchezesha aliyezidi umri. Zimbabwe wakaenda badala yetu. Miaka imepita, lakini tabia ya kuwa na umri wa nyumbani na umri wa mpira hatujaiacha. Anayesajiliwa kama chipukizi wa miaka 19 wakati ana 25, akifika '27' goti limekwisha, na tunashangaa mbona wachezaji wetu wanazeeka mapema. Hawazeeki mapema. Walichelewa kuanza, wakadanganya, na waliowasaidia kudanganya wanakaa jukwaa kuu.

Kwa hiyo TFF na klabu, acheni kutuletea ahadi za 'damu changa' kila dirisha la usajili. Kinda asiyepata namba apelekwe kwa mkopo timu ya Championship acheze, asiachwe aote kutu akila mshahara wa kupiga makofi. Mkongwe apewe mkataba unaosema wazi mwaka wake wa mwisho ni upi na kazi yake ni ipi, na katika mwaka huo apelekwe kozi ya ukocha. Kaseja mwenyewe aliingia kwenye ukocha baadaye, kwa hiyo watu hawa wanafundishika na wana cha kufundisha. Na kocha anayekubali kulea apewe misimu miwili kwa maandishi, ili asilale na virago mlangoni.

Msuva akiitwa tena kikosini kuelekea 2027, sitapiga kelele. Nitatazama kitu kimoja: nani amewekwa pembeni yake, ana miaka mingapi ya kweli, na kocha amemwacha uwanjani mpaka dakika ya ngapi. Nimenunua daftari la kaunta hapa dukani kwa kazi hiyo, nimeshapiga mistari, safu ya jina, safu ya umri, safu ya dakika. Mwenye majina ya madogo wa kuanza nao ayalete, na asiniletee yule aliyepigwa picha ameshika jezi.